Sekreteri wa mbali kwa kenkayeri ndogo ya Lubumbashi: nimpe kazi gani, na nisimpe nini?

Fundi_Kampemba

Jambo kwenu wote.

Duka ni kenkayeri ndogo hapa Kampemba: simenti, bati, nondo, mabomba ya PVC, waya za umeme, rangi. Tuko watatu, mimi, muuzaji wa kaunta na kijana wa kupeleka mizigo. Maulizo ya bei yanaingia WhatsApp kati ya 40 na 60 kwa siku, na mengi yanaingia saa ile ile ambayo mikono yote iko kwenye kupakia. Mteja aliyeuliza bati asubuhi anajibiwa jioni, wakati huo lori la jirani limeshamshushia.

Kuna dada mmoja wa Bukavu, ana kompyuta yake, Kifaransa na Kiswahili chake ni safi, yuko tayari kufanya kazi akiwa kwake saa 4 kwa siku, Jumatatu hadi Jumamosi. Vifaa vya ujenzi hajawahi kuuza. Nianze kumpa kazi gani? Namfunguliaje WhatsApp ya duka bila kumtumia simu? Bei zinazopanda na kushuka pamoja na dola atazijuaje? Kurani (umeme) ikikatika kwake? Na malipo? Naomba hatua, si "inategemea".

MamaProfoma

Karibu yaya. WhatsApp ndiyo inayokuuma, lakini ukimfungulia leo atajibu nini? Bei ziko kichwani mwako na kwenye daftari la kaunta. Wiki ya kwanza mpe kazi moja tu: kujenga jedwali la bidhaa kwenye Google Sheets. Mnampigia picha rafu moja moja na kurasa za daftari, yeye anaingiza, asichokielewa anakipaka rangi nyekundu, jioni unamjibu kwa sauti. Akifika mstari wa mia mbili atakuwa amelijua duka kuliko kama ungekaa naye ukamfundisha.

Safu ziwe hizi: kode ya bidhaa, jina kama mteja anavyolitamka, jina la kwenye fakture (ankara), kipimo, namna inavyouzwa (kipande, mita, roli, mfuko, ndoo), bei kwa dola, bei kwa franga, kilichopo dukani, tarehe ya mwisho kuhesabiwa. Safu mbili za majina usizione kama mapambo. Mteja ataandika "koude ya 110", au "kona ya bomba la choo", au atatuma tu picha ya bomba lililovunjika. Kwenye fakture ya depo kitu hicho hicho kina jina refu la Kifaransa. Sekreteri asipokuwa na majina yote kwenye mstari mmoja atajibu "hatuna" na kumbe kimejaa kwenye rafu.

Kisha vipimo, hapo ndipo mtu wa mbali anapotumbukia. Chukua bati. BG ni namba ya unene wa bati, na BG 28 ni nene kuliko BG 32. Namba ikipanda, bati inakonda. Asiyejua anaona 32 ni kubwa kuliko 28 na anamshauri mteja anayetaka bati imara achukue ile nyembamba. Waya nazo: VOB (waya wa umeme wa nyumba) 1,5 ni ya taa, 2,5 ni ya priza (soketi), na roli ni mita 100. Bei ya mita ikiingia kwenye mstari wa roli, mteja anakuja na picha ya skrini mkononi na mbele ya watu huna la kujibu. PVC: 110 ya choo, 32 au 40 ya lavabo (beseni la kunawia), na koude ina digrii zake, 45 au 90, ambazo mteja hatazitaja mpaka aulizwe.

Kwa hiyo ongeza safu ya kumi: "swali kabla ya bei". Bati: BG ngapi, urefu gani, vipande vingapi? Rangi: ya ndani au ya nje, ya maji au ya mafuta, ndoo ya lita ngapi? Nondo: ya 8, 10 au 12? Sekreteri haruhusiwi kutaja bei kabla swali la safu hiyo halijajibiwa. Safu hii nyembamba inaokoa pesa kuliko safu zote nyingine.

Bei ya dola ikae kwenye kisanduku kimoja tu, tuseme L1, nje ya safu zile kumi, na kila bei ya franga ihesabiwe kutoka hapo: =CEILING(F2*$L$1;100), yaani dola mara bei ya siku, halafu inapandishwa hadi mia inayofuata, maana hakuna wa kurudisha chenji ya franga 37. Kisanduku hicho unakibadilisha wewe peke yako, kabla ya 8:30. Kilinde: kwenye menyu ya data kuna sehemu ya kulinda laha na safu, unaweka barua pepe yako tu kama mwenye ruhusa. Linda na safu ya bei za dola. Yeye abaki na ruhusa ya kuandika kwenye kilichopo na kwenye profoma (karatasi ya bei anayotumiwa mteja kabla ya kulipa).

Kosa linalosumbua wengi halionekani kwa macho: faili likiwa limewekwa Kifaransa, desimali ni mkato, 2,5. Mmoja akiandika 2.5 kwa nukta, jedwali linaweza kulisoma kama maneno au kama tarehe, na hesabu inakufa hapo bila kelele. Ingia kwenye mipangilio ya faili, chagua nchi moja, kubalianeni mkato. Na ndiyo sababu kwenye fomula hapo juu kuna nukta-mkato. Faili likiwa la Kiingereza litataka mkato wa kawaida.

Profoma ndiyo kazi ya wiki ya pili. Aiandae, wewe uipitie, ndipo iende. Kila moja iwe na namba inayofuatana, tarehe, kode za bidhaa, muda wa uhalali (saa 48 zinatosha), neno wazi kama bei ina TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya 16% au haina, na sentensi hii: "Malipo kwa franga ni kwa bei ya dola ya siku ya kulipa." Bila sentensi hiyo, mfano profoma ya dola 180 iliyoandikwa dola ikiwa franga 2.700 ni franga 486.000. Dola ikifika 2.850 siku ya kulipa, ilitakiwa 513.000. Ile 27.000 inatoka mfukoni mwako.

Gharama ya kupeleka iandikwe kwa komine (manispaa): Kampemba, Kenya, Kamalondo, Katuba, Ruashi, Lubumbashi. Komine ya Annexe usiipe bei moja, imezunguka jiji zima. Iandike kwa mtaa. Na mwambie mapema kwamba mteja akisema "niletee Kenya" haagizi nje ya nchi.

WhatsApp iwe wiki ya tatu. Kukumbusha madeni, wiki ya tano au sita, akishajua nani ni nani.

Laini_ya_Ruashi

Mama Profoma amemaliza upande wa bei. Mimi nijibu la WhatsApp, maana watu wengi wanaibiwa namba hapo hapo.

Namba ya duka iwe kadi SIM ya peke yake, imeandikishwa kwa jina lako, na simu yake isitoke dukani. Isiwe namba yako ya nyumbani, kwa sababu WhatsApp Business ya bure haina ngazi za ruhusa: aliyeunganishwa anaona mazungumzo yote, ya mteja na ya shemeji. Isiwe pia ile inayopokea M-Pesa au Airtel Money. Hizo tenganisha.

Unaunganisha hivi. Yeye anafungua WhatsApp Web kwenye kompyuta yake. Ule mraba wa QR auache, unabadilika kila baada ya muda mfupi na picha yake ikikufikia mara nyingi imeshakufa. Achague kuunganisha kwa namba ya simu, aandike namba ya duka. Kompyuta itamtolea kode ya herufi na tarakimu 8. Anakupigia, anakusomea. Wewe kwenye simu ya duka unaingia vifaa vilivyounganishwa, unganisha kifaa, unachagua njia ya namba, unaandika zile 8. Basi.

Sasa angalia kode inakwenda upande gani. Ile ya 8 inatoka kwake inakuja kwako, na unaiandika tu kama wewe mwenyewe mmepanga saa hiyo. Ya tarakimu 6 inayokuja kwa SMS kwenye simu ya duka haitoki kwenda kwa mtu yeyote: si kwa sekreteri, si kwa anayejiita wa WhatsApp, si kwa mteja anayesema "nimekutumia kimakosa". Akiipata, anaifungua namba yako kwenye simu yake. Kijana wa kaunta aambiwe hilo pia, maana yeye ndiye anayeshika simu wewe ukiwa umetoka. Washa na uthibitisho wa hatua mbili, PIN ya tarakimu 6 unayoichagua mwenyewe, na uweke barua pepe yako ya kuirudisha ukiisahau.

Vifaa vinavyoweza kuunganishwa ni 4, mbali na simu yenyewe. Simu ya duka isipotumiwa zaidi ya siku 14, vyote vinatolewa, kwa hiyo usiizime ukaiweka kwenye droo. Kila Jumatatu pitia orodha ya vifaa. Usichokijua, kitoe pale pale. Siku mnaachana kazini, unamtoa hapo hapo kabla hata ya kuagana.

Majibu ya haraka unaruhusiwa 50, unayaita kwa kuanza na alama ya mkwaju. Usiandike 50. Nane au kumi zinatosha: /bati, /vob, /pvc, /lipa, /kupeleka, /imekwisha. Mfano wa /bati: "Aksanti kwa kutuandikia. Bati ya BG ngapi, 28, 30 au 32? Urefu gani, na vipande vingapi? Tunapeleka komine gani?" Maswali manne kwa mkupuo, mteja anajibu mara moja.

Lebo ndizo zitakazowafanya wewe na yeye msijibu mteja mmoja mara mbili kwa bei mbili. Nafasi ni 20, ziwe sita: Swali, Profoma imekwenda, Ngoja malipo, Imelipwa, Iko njiani, Kaunta. Ile "Kaunta" maana yake sekreteri ameshindwa, binadamu wa dukani aingie.

Na asitume matangazo ovyo. Orodha ya kutuma inabeba watu 256, lakini ujumbe unamfikia tu aliyehifadhi namba yako. Akianza kubandika tangazo moja kwa namba mia asizozijua, watu wanaripoti, namba inafungwa, na wateja wako wote wamo humo.

Fundi_Kampemba

Aksanti mama, aksanti kaka. Vitu viwili. Je, sekreteri aione bei ya mwisho, ile ninayoweza kushukia? Na mteja akituma picha ya SMS ya malipo, yeye akiwa Bukavu atajuaje kwamba pesa kweli imeingia?

MamaProfoma

Bei ya mwisho aione, bora iwe asilimia, si maneno kama "punguza kidogo". Mfano: hadi dola 100 hakuna punguzo, 100 hadi 500 anaweza kushuka 2%, juu ya hapo anaweka lebo ya Kaunta. Asipokuwa na chochote cha kutoa atakuuliza wewe mara thelathini kwa siku, na hapo umemwajiri wa kukupigia simu.

Mhasibu_Golf

Hapo kwenye asilimia natofautiana nawe kidogo, mama. Simenti haina nafasi ya 2%, faida yake ni nyembamba mno. Weka punguzo kwa aina ya bidhaa: simenti na nondo sifuri, mabomba na rangi ndiyo yenye nafasi. La sivyo atauza mifuko mia kwa bei ya kununulia na wote wawili mtafurahi mpaka mwisho wa mwezi.

Picha ya malipo si malipo. Mtu anaweza kubadilisha tarakimu kwenye picha kwa dakika mbili. Anayethibitisha ni yule aliyeshika simu inayopokea pesa, na anathibitisha kwa kutazama salio au historia ndani ya menyu ya pesa yenyewe. SMS pekee haitoshi, kwa sababu SMS ya uongo inaweza kutumwa kutoka namba yoyote. Kisha anaandika kwenye safu ya profoma husika neno IMEINGIA na tarakimu nne za mwisho za namba ya muamala. Sekreteri haandiki neno hilo kamwe. Yeye analisoma tu, ndipo anabadilisha lebo kuwa Imelipwa na kijana anapakia. Akikuta tarakimu zile nne zimeshatumika kwenye profoma nyingine, kuna mtu anajaribu kulipa mara mbili kwa muamala mmoja.

Kinyume chake pia kipo: sekreteri kumpa mteja namba yake mwenyewe ya kulipia. Namba za malipo ziwe zimechapwa ndani ya kielelezo cha profoma, kwenye sehemu iliyolindwa, pamoja na jina litakalotokea mteja akianza kutuma. Zibandike na ukutani dukani. Mara moja kwa mwezi mwombe rafiki asiyejulikana aagize priza kumi, utaona amepewa namba gani na amejibiwa baada ya dakika ngapi.

Malipo yake. Saa 4 kwa siku 6 ni 24 kwa wiki. Mara wiki 52, gawanya kwa 12, ni saa 104 kwa mwezi wa kawaida. Pangeni bei ya saa, zidisha 104, hicho ndicho kiasi cha mwezi, na siku za sikukuu mziandike mapema zinalipwa au hapana. Mega (vifurushi vya intaneti) zilipwe pembeni. Ukizitia ndani ya mshahara atabana mega, na wa kukosa majibu ni mteja wako.

Benki za Goma na Bukavu zilifungwa mwanzoni mwa 2025, kwa hiyo usijenge mpango wako juu ya uhamisho wa benki. Tumieni pesa ya simu, mtandao mmoja pande zote mbili, na mkubaliane akaunti ni ya dola au ya franga, kwa sababu zote mbili zipo na ukikosea anapokea kwa bei ya kubadilisha asiyoichagua. Andikeni kama kiasi mlichopatana ni kile unachotuma au kile kinachofika mkononi baada ya makato ya wakala. Ugomvi mwingi wa mwisho wa mwezi unazaliwa kwenye neno hilo. Lipa mara mbili, tarehe 15 na 30. Kiasi kidogo ni rahisi kukitoa kwa wakala siku ambayo hana kash ya kutosha. Kabla ya malipo ya kwanza tuma dola 5 za majaribio.

Karatasi. Ukimpangia saa, ukamwamuru namna ya kufanya na akawa chini yako kila siku, hiyo mbele ya sheria inafanana na ajira hata kama mmeiita huduma, na ajira ina mambo yake ya CNSS (mfuko wa hifadhi ya jamii) na kodi. Kanuni ya Kazi ni sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002. Muda wa majaribio lazima uandikwe. Kwa kibarua asiye na ufundi hauzidi mwezi 1, kwa wengine miezi 6. Akiwa mtu huru mwenye wateja wengine, mkataba utaje matokeo badala ya saa: profoma ndani ya dakika 20, jedwali limehakikiwa kila Jumamosi. Peleka rasimu kwa mtu wa sheria kabla ya kusaini, usinakili ya mtu mwingine. Na majina na namba za wateja ni data binafsi, Kanuni ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inazihusu, kwa hiyo tia kifungu kwamba orodha ya wateja haitoki kwenye faili la duka.

Himbi_Kando_ya_Ziwa

Kurani. Msimuulize "una umeme?", kila mtu atasema ndiyo. Muulize: ikikatika saa nne asubuhi, kompyuta inadumu muda gani, na intaneti inadumu muda gani? Ni maswali mawili.

Ruta nyingi ndogo zinakula volti 12 na ampea 1, yaani si zaidi ya wati 12. Betri ya volti 12, Ah 7, ile ya kengele za wizi, ina Wh 84 (volti mara Ah). Ya risasi usiishushe chini ya nusu, itakufa mapema, kwa hiyo hesabu Wh 42. 42 kwa 12 ni saa tatu na nusu, karibu zamu yote. Kompyuta ndogo yenye betri ya Wh 50, kwa kazi ya jedwali na maandishi ikila wati 15 hivi, inakwenda saa tatu na dakika ishirini ikiwa betri bado nzima. Kwa hiyo sheria yake ni kuanza zamu ikiwa imejaa, na mwanga wa skrini kuushusha. Ukimnunulia betri hiyo na chaja yake, weka kwenye mkataba ni ya nani.

Intaneti ya pili iwe kadi SIM ya mtandao tofauti na wa kwanza. SIM mbili za mtandao mmoja zinaanguka pamoja mnara ukianguka.

Google Sheets inafanya kazi bila mtandao, lakini lazima aiwashe kabla, kwenye mipangilio ya Drive, akitumia Chrome. Mkikatika na nyote mkaendelea kuandika kisanduku kile kile, mtandao ukirudi andiko moja linafunika jingine. Ndiyo maana safu ya kilichopo isibadilishwe na watu wawili: kaunta anaandika mauzo kwenye laha yake, hesabu inajitoa yenyewe. Kitu kikipotea, historia ya matoleo ipo, unarudisha ya saa moja iliyopita.

Akikatika zaidi ya dakika 15, atume SMS ya kawaida kwa simu ya kaunta: neno KATIKA na saa. SMS haihitaji mega. Kaunta anachukua WhatsApp mpaka SMS ya pili, RUDI. Simu za video msizipange. Zinakula mega bila faida, sauti inatosha.

Saa nazo. Bukavu, Goma na Lubumbashi ni saa moja, Kinshasa iko nyuma kwa saa 1. Yiwu na Guangzhou ziko mbele yenu kwa saa 6: wakifunga ofisi 18:00, kwenu ni 12:00. Kama atawaandikia wauzaji wa China kuhusu mzigo, aanze nao zamu ikifunguka, wateja wa mtaani wamsubiri robo saa. Na mwandikiane "8:00", si "saa mbili". Mwenye Kifaransa kichwani akisoma saa mbili anaweza kumleta mteja dukani mchana.

Fundi_Kampemba

Nimeanza kuandika safu. Wakati wa zamu, je, simu ya duka ijibiwe na kaunta pia au tumwachie yeye tu?

Laini_ya_Ruashi

Zamu ikianza, yeye tu. Kaunta anagusa mazungumzo yenye lebo ya Kaunta, mengine anayaacha hata kama anayaona. Zamu ikiisha, sekreteri anaacha ujumbe mmoja wenye mistari minne: maulizo mangapi yameingia, profoma ngapi zimekwenda na kutoka namba gani hadi gani, nani anangoja malipo, na bidhaa gani iliulizwa lakini haipo. Huo wa nne usome kabla ya kwenda depo. Watu sita wakiuliza bomba la 40 kwa wiki moja na wewe unazo za 32 tu, unajua cha kupakia.

MamaProfoma

Na yaya, kabla ya kumkabidhi zamu ya kwanza, mjaribu kwa maulizo kumi ya kweli ya wiki iliyopita. Yanakili, umtumie moja moja, ajibu kwa jedwali bila kukuuliza. Akikosea matatu, mara nyingi utakuta mstari wake kwenye jedwali ndio una pengo. Jaza pengo, rudia na kumi mengine.